MAMBO YA NYUMBANI: Wazazi na Likizo Ndefu ya Uingereza

Mwezi huu twataka kunena habari za wazazi, si za watoto, maana shule ikifungwa watoto hufurahi, wala hapana aulizaye hali ya mama. Twanena habari za Uingereza, kwa kuwa wako ndugu zetu wasemao Kiswahili wanaolea watoto kule, na jamaa zao huku hudhani ya kuwa likizo ni raha tupu.

Katika England shule hufungwa siku za mwisho za Julai, hufunguliwa mwanzo wa Septemba, yaani majuma 6 hivi. Scotland hutangulia kufunga, na hurudi katikati ya Agosti. Sasa na tufanye hesabu, kama ilivyo desturi ya walimu. Likizo zote za mwaka ni majuma 13, nayo yana siku 65 zisizo Jumamosi wala Jumapili. Mtu afanyaye kazi siku tano kwa juma, sheria humpa siku 28 za kupumzika kwa mshahara, na sikukuu za taifa zaweza kuhesabiwa humo humo. Hata baba na mama wakipokezana zamu, wasipumzike pamoja hata siku moja, siku zao ni 56. Hesabu haitimii. Na mama aliye peke yake, je? Iko ruhusa nyingine, hata majuma 4 kwa mwaka kwa kila mtoto, lakini haina mshahara, na ruhusa hailiwi.

Huku kwetu bibi yupo, shangazi yupo, na mtoto hula alipokuta chungu. Kule milango hufungwa. Sheria haikutaja umri wa mtoto kuachwa peke yake, ila ni kosa kumwacha akiwa hatarini. Basi mzazi hukaa na shaka, na shaka huchosha kuliko jembe. Chakula nacho ni mzigo. Tangu Septemba 2014 watoto wa madarasa matatu ya kwanza katika shule za serikali za England hula mchana bure. Shule ikifungwa, sahani hiyo hurudi kwa mama. Ni kweli, tangu 2021 serikali imeeneza mahali pa kucheza na kula kwa watoto wa nyumba maskini: saa 4 kwa siku, siku 4 kwa juma, kwa majuma 4 ya likizo hiyo. Twalisifu jambo hilo. Lakini saa 4 si siku ya kazi.

Mama apigaye kelele asubuhi kwa ajili ya maziwa yaliyomwagika, hakasirikii maziwa. Huenda hakulala. Huenda alilia bafuni, kisha akatazama katika simu picha za wenziwe walio pwani na watoto wao, akajiona hafai. Aibu humfunga kinywa. Wengine humwambia, "Jikaze," neno tusilolipenda kabisa. Wengine humwambia asali zaidi. Naye husali, na usingizi bado hauji. Hali hiyo ikidumu majuma mawili, na amwendee daktari, kama vile angalivyokwenda kwa homa.

Baba asiseme, "Namsaidia mke wangu." Watoto ni wake. Na akina mama watatu wa mtaa mmoja waweza kupokezana watoto, leo nyumba hii, kesho ile, hata kila mmoja apate siku ya kunyamaza. Mtoto asemaye hana la kufanya haumwi. Mwacheni atafute mchezo.

Msaada upo. Home-Start, aliyoianzisha Margaret Harrison mjini Leicester mwaka 1973, hutuma watu wa kujitolea kuzuru nyumba zenye watoto wadogo. Gingerbread ya 1970 ni ya wazazi walio peke yao. Nao Samaritans, walioanzishwa na padre Chad Varah huko London mwaka 1953, husikiliza bure, usiku na mchana, kwa simu 116 123, wala si lazima mtu awe amefika ukingoni ndipo apige.

Nanyi mlio na jamaa kule, mkiwapigia simu mwezi wa Agosti, msianze na habari za ada wala za mabati. Mwulizeni mama kama alilala jana, kisha nyamazeni mpaka amalize kusema.