Meza za Kadi na Vimbweta Vyetu

Wanachuo wenzangu, leo naomba tuzungumzie besiboli. Najua wengi wetu hatujawahi kuutazama mchezo huo hata kwa dakika kumi, na sheria zake mimi mwenyewe bado zinanichanganya. Lakini pembeni mwa mchezo huo kuna jambo ambalo mwanafunzi wa ualimu hawezi kulipita hivi hivi. Ni namna Wamarekani walivyokusanya kadi za wachezaji, na hasa yale maonyesho yao ya mwanzo ambayo wazee wao bado wanayasimulia kwa hamu. Hoja yangu ni hii: maonyesho yale yalikuwa shule nzuri, bei ndiyo iliyoidhoofisha, na sisi hapa chuoni tumeanza kuvifanyia vimbweta vyetu vile vile.

Kwa asiyejua, kadi ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani. Mbele kuna picha ya mchezaji, nyuma kuna maelezo na takwimu zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kadi hizi zilikuja ndani ya pakiti za sigara. Baadaye zikaja na bigijii, na mwaka 1952 kampuni ya Topps ikatoa seti yake mashuhuri ya kadi 407. Aliyewahi kukusanya picha za wachezaji wa mpira utotoni ananielewa. Una tatu za mchezaji mmoja, mwingine huna kabisa, basi unamtafuta mwenzako mbadilishane.

Watoto walikuwa wengi, lakini watu wazima waliokusanya kwa makini walikuwa wachache na waliishi mbali mbali. Waliandikiana barua: ninazo hizi, natafuta zile. Aliyewaunganisha zaidi ni Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda kule Syracuse, jimbo la New York. Mwaka 1939 alitoa orodha ya kadi za Marekani, na baadaye mfumo wake ukazipa seti herufi na namba. Leo mtu akisema "T206", kwa maana ya kadi za sigara za mwaka 1909 hadi 1911, anatumia lugha ya Burdick. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa wa viungo, lakini alizipanga na kuzibandika kadi zake kwenye albamu ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Alilipa jumba hilo vitu zaidi ya 300,000. Alimaliza kazi hiyo Januari 1963, na miezi miwili baadaye akafariki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watu hawa wa barua wakaanza kuonana uso kwa uso. Walianzia majumbani mwao, kisha wakahamia kwenye kumbi za hoteli, California, Michigan, New York. Mwaka 1980 maonyesho ya kwanza ya kitaifa yakafanyika Los Angeles. Ukisoma kumbukumbu za waliokuwepo siku zile, utaona picha moja inajirudia. Meza za kawaida, maboksi ya viatu yaliyojaa kadi, watu wameinama wanapekua. Ukumbi ukifungwa, wanahamia vyumbani na kuzitandaza kadi kitandani hadi usiku wa manane. Kadi nyingi ziliuzwa kwa senti.

Sasa hapa ndipo nilipoiona shule. Pale huwezi kupata kitu kizuri kama hujui. Seti hii ina kadi ngapi? Ipi haionekani, na kwa nini? Karatasi ya zamani ikiguswa inakuwaje? Mengi ya hayo hayakuwa kitabuni, yalikuwa kichwani mwa mzee wa meza ya tatu. Kwa hiyo unavuta kiti, unauliza, unasikiliza. Mtoto wa miaka kumi na mbili akiijua seti yake vizuri, hata mtu mzima atamuuliza.

Waliosoma nadharia za ujifunzaji watamkumbuka Jean Lave. Yeye na Etienne Wenger waliandika mwaka 1991 kuhusu watu wanaojifunza kwa kushiriki kazi pamoja na waliotangulia. Mfano wao mmoja ni mafundi cherehani wa Liberia. Kijana anaanza na kupiga pasi na kushona vifungo, anasogea kidogo kidogo, na kukata kitambaa kunakuja mwishoni. Hakuna mtihani, lakini kila mtu pale anajua nani anajua nini. Meza za kadi zilikuwa hivyo hivyo.

Kisha bei ikaingia. Mwaka 1979 mtaalamu wa takwimu aliyefundisha chuo kikuu, James Beckett, akishirikiana na mwenzake, alitoa kitabu cha bei za kadi, na mwaka 1984 akaanzisha jarida la kila mwezi. Tumtendee haki. Kabla ya hapo mjanja angeweza kumlalia mtoto mchana kweupe, na kitabu kilimpa mtoto mahali pa kuangalia. Lakini swali la mezani lilibadilika. Badala ya "huyu ni nani?" likawa "hii shilingi ngapi?" Na swali la bei halihitaji mzee wa meza ya tatu, linahitaji ukurasa tu.

Kilichofuata kinajulikana. Kampuni ziliongezeka, kadi zikachapwa kupita kiasi, watu wakanunua maboksi mazima na kuyaweka bila kuyafungua, eti yatawasomesha watoto. Kadi nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 leo hazina thamani ya maana.

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni wa kadi moja tu, ya Honus Wagner katika ile T206. Mwaka 1991 mchezaji wa hoki ya barafuni Wayne Gretzky na mwenzake waliinunua kwa dola 451,000. Ikapelekwa kwenye kampuni mpya ya kupima ubora, PSA, ikawa kadi yake ya kwanza kabisa kupimwa. Ikapewa alama 8 kati ya 10 na kufungiwa ndani ya plastiki. Mwaka 2013, katika kesi yake ya udanganyifu, muuzaji wa mnada Bill Mastro alikiri kwamba aliikata kingo kadi hiyo ili ionekane nzuri. Jamani, 8 kati ya 10! Sisi tunaosomea kusahihisha mitihani tuitazame vizuri hiyo alama. Ikishafungiwa ndani ya plastiki, anayejua karatasi ya zamani haruhusiwi tena kuigusa. Anaambiwa asome namba.

Na kuna mambo ambayo namba haiyajui kamwe. Kwa mfano, kwa nini katika zile kadi za T206 humwoni mchezaji Mweusi hata mmoja? Kwa sababu ligi kuu ziliwafungia Weusi milango hadi alipoingia Jackie Robinson mwaka 1947. Hilo ni somo zima la historia limelala ndani ya boksi la viatu, na linahitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu.

Turudi chuoni. Muhula huu nimeona madesa yakiuzwa kwenye makundi ya WhatsApp, mhadhara mmoja bei hii, maswali ya miaka iliyopita na majibu yake bei ile. Anayeuza hana dhambi, bumu linachelewa na tumbo halisubiri. Lakini angalia kinachotokea kwenye vimbweta. Aliyelielewa somo hakai tena kulieleza, maana maelezo yake yana bei. Aliyenunua hana haja ya kuuliza. Na yule asiye na hela wala rafiki anabaki peke yake na hofu ya supu. Sote watatu tunaweza kupata alama, na hakuna kati yetu aliyejifunza kufundisha. Kwa watu wanaokwenda kuwa walimu, hiyo ni hasara kubwa.

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo mawili. Kwanza, ianzishe hazina ya bure ya madesa na maswali ya zamani, inayochangiwa na kila kozi. Pili, itenge ukumbi jioni moja kila wiki, meza ziwekwe, wa mwaka wa tatu wakae, wa mwaka wa kwanza waje na maswali yao. Kusiwe na cheti wala alama za kuhudhuria, maana tukianza kuhesabu nani amekuja mara ngapi, tutakuwa tumeleta kitabu cha bei kwa mlango wa nyuma. Gharama yake ni umeme na viti, na viti vipo tayari.