Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Asiachwe Peke Yake
Mwanafunzi mgeni wa chuo kikuu ashindwapo hisabati, watu huwa wepesi kusema kwamba hana akili au bidii ya kutosha. Uchunguzi alioufanya Uri Treisman katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waipinga rai hiyo.

Treisman alitaka kujua kwa nini Wamarekani weusi wengi walishindwa somo la kalkulasi, hali wenzao wenye asili ya Kichina walifaulu. Aligundua kwamba wale weusi walikuwa na bidii, lakini kila mmoja alijisomea pekee. Wale wa asili ya Kichina walikutana baada ya kujisomea, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Aliyekwama alitambua upesi kama kosa lilikuwa lake au swali liliwashinda wote.

Ndipo Treisman alipoanzisha warsha ambamo wanafunzi walishughulikia pamoja maswali magumu kuliko ya kawaida. Hayakuwa masomo ya kuwainua wanyonge. Hata hivyo, matokeo yao yalipanda sana.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vikundi vya kujifunza visiachwe vijiunde kwa bahati, maana mgeni mwenye haya ndiye atakayebaki nje. Chuo chenyewe chapaswa kuviunda tangu wiki ya kwanza, kuvitengea saa katika ratiba, na kuvipa maswali ya kuumiza vichwa. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya kumpoteza kijana mwenye bidii.