Mawe Yana Mlinzi, Kijana Hana Kiwanja

Watu wengi wakisikia jina la Kilwa Kisiwani hufikiri magofu tu: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Makutani na Gereza. Husahau ya kuwa kando ya magofu hayo kipo kijiji cha watu walio hai, wavuvi na wakulima, wenye watoto wanaokua na kuoa. Nataka kusema habari za watu hao, maana naona tumejifunza kuyalinda mawe kabla hatujajifunza kumpa mtu mahali pa kujenga.

Sisemi ya kuwa magofu yasilindwe. Mimi ni mwalimu, nami najua hasara ya kupoteza ukuta uliosimama miaka mamia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuharibu au kuchimba mabaki hayo bila ruhusa, nayo ni sheria njema. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuko na kuta zilikuwa zikianguka. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo, baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Kazi hiyo yastahili sifa, wala mtu asiidharau.

Lakini sasa mfikirieni kijana mmoja wa kisiwani anayetaka kuoa. Ataka nyumba ya vyumba viwili. Mawe ya magofu hawezi kuyagusa, na ni haki asiyaguse. Aenda kwenye mikoko akate boriti. Huko aambiwa ya kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali. Basi afikiri saruji na mabati. Vitu hivyo avinunue Kilwa Masoko, avipakie katika mashua, avivushe mlango wa bahari, avipakue na kuvichukua hadi kwake, na kila mkono uliogusa mfuko wa saruji wataka ujira wake. Akiisha kupata vyote, aambiwa ya kuwa mahali alipotaka kujenga ni karibu na magofu, haparuhusiwi. Akiuliza, “Basi nijenge wapi?” hapana ajibuye.

Hapo ndipo neno langu lilipo. Kila katazo, ukilitazama peke yake, lina sababu njema. Lakini makatazo yote yakikusanyika juu ya kichwa cha mtu mmoja maskini, bila mtu kumwonyesha mahali palipo halali, huyo hakupewa sheria. Amefukuzwa kwa upole. Na mtu aliyefukuzwa hivyo hufanya mambo mawili: ama huhama akawaacha wazee wake, ama hujenga usiku. Akijenga usiku, tunamwita mvunja sheria.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1891 Wadachi walitoa amri ya ujenzi katika mji wa Dar es Salaam, na upande wa pwani ukawekwa kwa nyumba za namna ya Kizungu. Waingereza nao wakaugawa mji kwa sehemu tatu kwa kufuata namna ya nyumba, na watu wakazipa majina yao: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Angalieni hila iliyokuwamo. Amri ilitaja nyumba, haikuwa na haja ya kutaja watu. Lakini kwa kutaja nyumba ya gharama kubwa, ilikwisha kumtenga asiye na fedha. Hao watawala wamekwenda zao. Ile njia ya kumpima mtu kwa ukuta wake isibaki kwetu.

Najua majibu nitakayopewa. Mmoja atasema, “Wageni huja kuona mji wa mawe, nyumba za udongo na makuti huharibu sura yake.” Huyo hakuisoma historia anayotaka kuilinda. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri wake. Na katika maandiko ya safari yake yametajwa majengo ya miti na mapaa ya majani. Tena wachimbaji waliochimba Songo Mnara tangu mwaka 2009 waliona alama za nyumba za miti na udongo ndani ya ukuta wa mji, pamoja na nyumba za mawe. Basi nyumba ya udongo si mgeni aliyeingia jana. Tajiri na maskini walikaa mji mmoja.

Wa pili atasema, “Wahamie Masoko.” Mvuvi aache chombo chake na jirani zake, akapange chumba? Na siku ukuta wa magofu ukianza kupasuka, nani atakayeuona wa kwanza? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huonwa na akaaye karibu. Mwenyeji aliyepewa mahali pake ni mlinzi asiyedai mshahara. Mwenyeji aliyefukuzwa hana sababu ya kulinda kitu.

Wa tatu, naye ndiye mwenye hoja nzito, atasema, “Tukiruhusu mmoja, kisiwa chote kitajengwa.” Kweli, hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kupima mapema. Yafahamike mahali pasipojengwa kamwe, na yafahamike vilevile mahali pa kujenga, kwa mipaka ambayo hata mtoto aweza kuionyesha. Serikali yetu ilikwisha kuonja njia ya namna hii. Mwaka 1972 iliamua kutengeneza makao ya maskini mijini badala ya kuyabomoa. Ndipo Manzese ikatengenezwa, na viwanja vikapimwa Sinza na Kijitonyama. Lakini tusijidanganye: viwanja vingi vilivyopimwa kwa ajili ya wanyonge viliangukia mikononi mwa wenye uwezo. Kadhalika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002. Wengi wa wanyonge hawakuiweza bei yake. Basi kupima peke yake hakutoshi. Kiwanja cha mwenyeji kisiuzwe kwa bei ya mgeni, na nyumba anayoiweza ihesabiwe kuwa nyumba.

Ndugu zangu, ninyi mnaosoma haya mkiwa mbali na Kilwa, msiseme ya kuwa hayawahusu. Leo ni magofu. Kesho ni barabara, hoteli, au mji mdogo unaopimwa kando ya shamba lako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano wa Kijiji una neno lake. Lakini mkutano usiohudhuriwa huamuliwa na wachache. Mpango wa ardhi ukiletwa, nendeni, wanaume kwa wanawake. Anayejua kusoma awasomee wengine ramani. Mkionyeshwa mahali palipokatazwa, kubalini palipo na haki, kisha ulizeni kwa adabu swali moja: “Na vijana wetu watajenga wapi?” Jibu liandikwe katika kitabu cha mkutano kabla mtu hajatia sahihi.

Twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wanakuja Kilwa, nasi twafurahi. Imebaki mwenyeji apone.