Uvimbe wa Jicho kwa Watoto: Kuwahi Hospitali si Kuwahi Kisu

Miongoni mwa kasoro adimu za macho ambazo mtoto huzaliwa nazo ni jicho dogo lililoambatana na kifuko cha maji. Hutokea pale mwanya wa jicho changa, unaopaswa kufunga ndani ya miezi 2 ya mwanzo ya ujauzito, unapobaki wazi.

Kifuko hicho huweza kusukuma kope la chini, na wazazi hutamani kiondolewe mara moja. Hata hivyo, mifupa inayozunguka jicho hukua kwa kufuata ukubwa wa kilichomo ndani yake. Kifuko kikitolewa mapema bila kuwekwa kijazio, upande huo wa uso huweza kudumaa. Ndiyo maana daktari bingwa anaweza kukiacha kwa miaka kadhaa akikifuatilia, kisha akakitoa na kuandaa nafasi ya jicho bandia. Kikikua kupita kiasi, hukitoa mapema.

Kusubiri huko ni sehemu ya tiba. Kumficha mtoto nyumbani ni jambo jingine, kwani humnyima vipimo vya kutofautisha kifuko na saratani ya jicho, ambayo haisubiri. Mtoto mwenye uvimbe wa jicho apewe rufaa mapema kwenda hospitali zenye mabingwa wa macho, kama vile Muhimbili na KCMC.