Ajabu si Kipimo cha Hatari

Hapa Tunduma, ambapo malori ya Kongo na Zambia hupanga foleni yakingojea hati zao zikamilike, habari huvuka mpaka upesi kuliko mizigo. Na katika habari zote hakuna ipokewayo kwa shauku kama ile ya chakula cha ajabu. Dereva aliyetoka Lubumbashi, akiketi benchi moja na mchuuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mama lishe, atasimulia viwavi vikavu alivyoviona vikipimwa kwa kopo sokoni, na walaji wenzake watakunja nyuso, wataapa kwamba wao hawathubutu, kisha watamsihi aendelee. Mimi nami ni msikilizaji wa masimulizi hayo, na utamu wake siukani. Neno langu ni juu ya desturi iliyotuingia ya kuufanya ugeni wa chakula kuwa mizani ya hatari yake, tukakiogopa tusichokizoea na kukiamini tulichokizoea, ilhali mambo yaliyokwisha kutokea yashuhudia kinyume chake.

Tuanze na mchele wa plastiki, uvumi uliolitaharukisha bara zima kwa picha za watu wakifinyanga tonge la wali na kulidundisha mezani. Desemba 2016 maofisa wa forodha wa Nijeria walikamata jijini Lagos zaidi ya tani mbili za mchele uliodhaniwa kuwa wa namna hiyo. Ukapelekwa maabara, na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikabaini kwamba haukuwa plastiki, bali ulikuwa na bakteria kupita kiwango kilichoruhusiwa. Tonge hudunda kwa sababu wanga wa wali uliopikwa hunata na kuvutika, jambo ambalo kila mpishi alijua kabla ya simu zenye kamera kuzaliwa. Basi tazama tulivyo: plastiki isiyokuwapo ilivuma kutoka Lagos hata vijiji vya Momba, na bakteria waliokuwapo kwa yakini hawakupata hata msimulizi mmoja.

Kitu cha pili ni chikanda, chakula ambacho mgeni aingiapo Nakonde hukidhania kuwa ni nyama. Asili yake ni viazi vidogo vya okidi, maua ya nyanda za juu. Humenywa, hukaushwa na kutwangwa, kisha unga wake huchanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na magadi, ukapikwa hata ukagandamana na kukatwa vipande vya rangi ya hudhurungi. Mlaji hapati dhara lolote, na anayemcheka amekosa la kucheka. Walakini chakula hiki, ambacho zamani kilikuwa kitoweo cha vijijini kaskazini mwa Zambia, kilipendwa mijini hata viazi vya huko vikaadimika, na wachuuzi wakavuka mpaka kuvitafuta kwetu. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 hutoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka.

Ili kuelewa uzito wa hesabu hiyo, yafaa kumwinamia mchimbaji na kutazama mkono wake. Chini ya shina moja la okidi hukaa viazi viwili: kimoja kimenyauka, kwa maana ndicho kilicholilisha ua la msimu huu, cha pili ni kigumu na kimejaa, nacho ni akiba ya ua la mwaka ujao. Mchimbaji hukitupa cha kwanza na kukitia guniani cha pili, na kwa hiyo kila kiazi kivukacho mpaka ni ua moja lisilochipuka tena. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wameuita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kuyalinda maua hayo ilikuwa miongoni mwa sababu. Hapa napo udadisi wetu umeelekea pasipo: twauliza vipi mtu aweza kula ua, wala hatuulizi ua hilo limechimbwa wapi na limebaki kiasi gani.

Sasa niseme juu ya mitindo ya kujinyima, ambayo nayo imefika mpakani. Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, amewanasihi Watanzania kwa miaka mingi wapunguze sukari na wanga, na wasile kila saa. Nao Watanzania, kwa kuwa ni watu wa mzaha, wakamtungia vichekesho kana kwamba amewapokonya sahani. Nasaha yake ina hujja, maana kisukari na shinikizo la damu si mzaha. Ila nyuma yake wamefuata wachuuzi wa majani ya kukata tumbo na ya kuondoa sumu mwilini, ambao kwao yatosha kukumbuka kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena nasaha ya kupunguza ugali haina budi kumtazama anayenasihiwa: karani akaaye kitini mchana kutwa ana haja nayo, bali mkulima wa Mbozi apaliliaye kahawa tangu alfajiri ana haja nyingine, na mtoto wake ana haja ya tatu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, majirani zetu wenye maghala yaliyojaa. Mtoto huyo hakuzidishiwa chakula. Amelishwa uji wa mahindi pasipo maharage, maziwa wala yai.

Na mahindi yenyewe, ambayo hakuna ayastaajabiaye, ndiyo yenye habari kubwa kuliko zote. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 miongoni mwao wakafariki, nao walikuwa wamekula ugali wa nyumbani mwao. Kuvu huota katika punje zisizokauka sawasawa, sumu yake haionekani kwa jicho, na moto wa jikoni hauimalizi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hujja hiyo hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Kwa hiyo rai yangu ni nyepesi kutamka, ijapokuwa kuitenda kwataka subira. Tukisikia chakula kigeni, tuulize kimetoka wapi na kimehifadhiwaje kabla ya kuuliza kama chachukiza. Mnunuzi wa mahindi Tunduma, aumaye punje kwa meno apate kujua ukavu wake, aulize pia kama yalianikwa juu ya turubai au juu ya udongo, na mkulima aliyegharimika kununua turubai na mifuko isiyopitisha hewa alipwe zaidi ya yule asiyejali, kwa maana pasipo bei hiyo mawaidha yetu yatabaki mawaidha. Na sisi tuandikao magazetini tuna wajibu wetu: gunia lenye unyevu lastahili ukurasa ule ule tunaompa kiwavi wa Lubumbashi, hata kama wasomaji hawatakunja nyuso.