Mwokozi wa Ulimwengu chini ya nyundo ya dalali

Jumapili hii nakuomba twende pamoja mahali ambapo wengi wetu hatujafika na pengine hatutafika: ukumbi wa mnada wa kampuni ya Christie's, jijini New York, jioni ya Novemba 15, 2017. Kilichokuwa kinanadiwa ni picha ya rangi iliyochorwa juu ya ubao, ambayo urefu wake haufiki sentimita 66. Ndani yake yumo Yesu. Mkono mmoja ameuinua kubariki, na mwingine ameshika tufe la kioo. Picha hiyo inaitwa kwa Kilatini Salvator Mundi, yaani Mwokozi wa Ulimwengu, na iliuzwa kama kazi ya Leonardo da Vinci, ingawa wataalamu wanabishana hadi leo ni kiasi gani cha kazi ile kilitoka mkononi mwake mwenyewe.

Wanunuzi walishindana kwa simu. Dau likapanda, likapanda tena, na nyundo ilipogonga ilikuwa Dola za Marekani milioni 400. Ukiongeza ada ya kampuni, mnunuzi alilipa Dola milioni 450.3. Hakuna picha nyingine iliyowahi kufikia bei hiyo mnadani.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1958 picha hiyo hiyo iliuzwa kwa mnada jijini London kwa Pauni 45. Mwaka 2005 wafanyabiashara wa sanaa waliinunua katika mnada mdogo huko New Orleans kwa Dola 1,175. Wakati huo ilikuwa imeharibika, imepakwa rangi juu ya rangi, na waliokuwa nayo waliiona kuwa nakala tu. Yesu aliyemo alikuwa yule yule, na mkono wake ulikuwa umeinuliwa kubariki vile vile. Kilichopanda bei ni jina la mchoraji.

Tangu usiku ule wa New York, picha hiyo haijaonyeshwa hadharani. Makumbusho ya Louvre Abu Dhabi yalitangaza mwaka 2018 kwamba yangeionyesha, kisha yakaahirisha. Mwaka 2019, Louvre ya Paris ilipoandaa maonyesho makubwa ya kumkumbuka Leonardo miaka 500 baada ya kifo chake, picha hiyo haikuwapo. Mwokozi wa Ulimwengu amefungiwa, na ulimwengu haumwoni.

Najua kuna wahubiri ambao wangeishia hapa, wapige meza na kusema kwamba vitu vizuri ni ubatili. Mimi sikubaliani nao. Soma Kutoka 31. Mungu alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho wake, si ili ahubiri bali ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Fundi ni mtumishi. Na mtu anayependa kazi ya fundi hajatenda dhambi.

Chukua vyombo vya fedha vya Uingereza, ambavyo wakusanyaji huvigombea sana minadani. Tangu mwaka 1300 sheria ya huko ilitaka chombo cha fedha kipimwe ubora kabla hakijauzwa. Kikifaulu, kinagongwa alama ya kichwa cha chui. Baadaye, mwaka 1478, ikaongezwa herufi ya kuonyesha mwaka, na mwaka 1544 alama ya simba anayetembea. Kipimo chao ni sehemu 925 za fedha halisi katika kila sehemu 1,000. Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu akishika kijiko huwa anakigeuza kwanza, anatafuta alama zile ndogo kwa kioo cha kukuzia, na anaweza kukuambia kilipimwa mji gani, mwaka gani, na mara nyingi karakana ya nani. Methali 11:1 inatuambia Bwana anavyoichukia mizani ya udanganyifu. Nchi iliyomlinda mnunuzi asiuziwe bati kwa jina la fedha, kwa zaidi ya miaka 700, imefanya jambo ambalo nabii Amosi angelipenda. (Ukitaka kujua jinsi tulivyo nyuma katika hili, nenda kanunue mkufu barabarani.)

Lakini lipo jambo moja katika ukusanyaji ambalo linanikwaza, na ndilo lililonifanya niandike. Kila chombo kinaposuguliwa na kutumiwa, alama zile hufifia, na alama zikifutika bei hushuka. Kwa hiyo kikombe ambacho hakijanywewa sana ndicho chenye thamani zaidi. Meza ambayo hakuna mtu aliyekula juu yake ndiyo inayosifiwa. Fikiri juu ya hilo taratibu, wewe unayekwenda kanisani leo. Ni sheria ya soko, nami sina ugomvi nayo sokoni. Ugomvi wangu ni pale sheria hiyo inapoingia rohoni mwa Mkristo, akaanza kujitunza kama kijiko cha kabatini.

Kuna kikombe kimoja kinachonisaidia hapa. Kinaitwa Lacock Cup, kwa jina la kijiji cha Lacock huko Wiltshire, Uingereza. Kilitengenezwa katika karne ya 15 kwa fedha, kikapambwa kwa dhahabu, kina mfuniko, na kwanza kilikuwa kikombe cha karamu za matajiri. Baadaye kikafika katika kanisa la kijiji, la Mtakatifu Cyriac, na kwa takriban miaka 400 waumini walishiriki Meza ya Bwana kwa kikombe hicho. Vyombo vingi vya fedha vya wakati ule viliyeyushwa vikawa sarafu, lakini hicho kilipona.

Katika Danieli 5, mfalme Belshaza aliagiza vyombo vya hekalu viletwe kwenye karamu yake, akanywea mvinyo pamoja na wageni wake, na usiku huo huo akauawa. Kikombe cha Lacock kilipita njia hiyo kwa kurudi nyuma: kilitoka karamuni kikaingia madhabahuni. Nani angejua kwamba chombo cha walevi kingeweza kuishi miaka mingi hivyo mikononi mwa wakulima waliopiga magoti?

Kisha kanisa likakiuza. Majengo yalihitaji matengenezo na fedha haikuwapo. Jambo hilo lilifika hadi mahakama ya kanisa, maana katika Kanisa la Uingereza huwezi kuuza kitu kama hicho bila kibali, na si wote waliokubali. Mwaka 2013 Makumbusho ya Uingereza na Makumbusho ya Wiltshire yakakinunua kwa pamoja kwa Pauni milioni 1.3.

Je, walikosea? Wapo watakaosema kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi. Naheshimu hisia hiyo, lakini historia ya Kanisa haiko upande wao. Katika karne ya nne, Ambrosi, askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vya kanisa lake ili kuwakomboa watu waliotekwa vitani. Alipolaumiwa alijibu wazi kwamba Kanisa halina dhahabu ya kuweka, lina dhahabu ya kutoa. Kwa hiyo watu wa Lacock hawakuwa wa kwanza, ingawa paa si mateka, na ningefurahi zaidi kama sehemu ya fedha ile ingepita nje ya kuta za kanisa. Angalau kikombe chao hakikuishia kwenye kasiki la mtu. Mtoto yeyote anaweza kusimama mbele ya kioo akakitazama.

Mimi ninapopima mnada wowote huwa nauliza jambo hilo: baada ya nyundo kugonga, kitu kinakwenda wapi? Kinakwenda mikononi mwa watu au kinakwenda gizani?

Na sisi tunayo minada yetu. Katika sharika nyingi hapa kwetu, ibada ikiisha waumini hutoka nje, wazee wa kanisa wanapanga sadaka za mazao juu ya meza, na mnada unaanza: mkungu wa ndizi, boga, jogoo aliyefungwa miguu, mayai matatu ndani ya kikapu. Mayai hayo yameletwa na bibi ambaye hakuwa na shilingi ya kuweka kwenye kapu la sadaka. Dukani yangemletea fedha kidogo mno. Hapa nje ya kanisa mtu anataja bei mara tano ya ile ya dukani, mwingine anaipita, mshindi analipa kisha anasema yarudishwe mezani yauzwe tena. Mayai yale yale, mara tatu, mara nne. Yule bibi anasimama pembeni anaona sadaka yake inakua mbele ya macho yake.

Ukiangalia juu juu, ni jambo lile lile la New York: bei haihusiani na kitu chenyewe. Tofauti ni kwamba kule kila anayetaja bei anataka kitu kiwe chake, na hapa mshindi halisi ni yule anayelipa na kuondoka mikono mitupu. Sijui kama wachumi wana jina la biashara ya namna hii. Bibi hahitaji jina.

Tusijisifu kupita kiasi, hata hivyo. Kipaza sauti kinaponguruma jina la mheshimiwa fulani aliyepandisha dau, na mwingine akapandisha ili tu asionekane mdogo, Anania na Safira wako karibu. Nimeona pia sadaka ya maskini ikiharakishwa ili mnada ufike kwenye kapu la mtu mashuhuri. Wazee wa kanisa, mlioshika kipaza sauti leo, anzeni na mayai.

Na wewe uliyetaja bei Jumapili iliyopita: katika kumbi za mnada za London, mnunuzi hachukui kijiko chake mpaka amelipa. Sisi tunaaminiana, tunakupa jogoo uende naye nyumbani. Mhasibu wa usharika anasema jogoo ameshaliwa na jina lako bado limo kwenye daftari.