Panda wewe, kukata uombe!

Kila Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, wakubwa huja na magari yao, hushika jembe mbele ya kamera, huchomeka mche, hunawa mikono na kuondoka. Anayebaki kuumwagilia mche maji ni mlalahoi. Na siku mti ukikomaa, wakubwa hao hao hurudi kumuuliza: kibali kiko wapi?

Wewe kijana unayesukuma mkokoteni Mbuyuni au kuuza mitumba Memorial, jambo hili ni lako. Babu yako ana kihamba Kibosho, Marangu au Machame. Kahawa haijengi tena nyumba kama enzi za KNCU. Kilichobaki pembezoni mwa kihamba ni migrivea aliyoipanda kwa mikono yake. Hiyo ndiyo mbao za paa, hiyo ndiyo ada ya shule.

Lakini kuukata si kazi ya shoka tu. Anza kwa mtendaji wa kijiji, nenda kata, shuka wilayani kwa ofisa misitu. Ukitaka kuzifikisha mbao mjini, tafuta hati ya kusafirishia. Mara mkoa unatangaza marufuku, faili linalala. Kila mlango ni "njoo kesho", na "njoo kesho" ndiyo mama wa kitu kidogo.

Hatusemi mlima uachwe uwe kipara. Maji ya Moshi na ya mto Pangani yanatoka humo. Lakini uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 ulikuta mikulo ikikatwa kwa wingi ndani ya msitu wa serikali, siyo vihambani. Aliyeshindwa kulinda chake anapata wapi ubavu wa kumzuilia mzee mgrivea wake?

Mwaka 1941, tena chini ya mkoloni, ulitengwa ukanda wa nusu maili ili wananchi wapate kuni na nguzo. Mwaka 2005 msitu wa mlima ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Mzigo wa kuni na mbao ukazidi kuangukia kihamba. Basi kihamba kisaidiwe, kisinyongwe!

Njia ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua msitu wa mtu binafsi, na ndiyo iliyounda Mfuko wa Misitu. Nyanda za Juu Kusini walipata mradi wa Panda Miti Kibiashara mwaka 2014 kwa msaada wa Finland. Uganda, kuanzia mwaka 2004, ilimrudishia mpandaji sehemu ya gharama zake. Sisi tunaletewa jembe la kupigia picha.

Tunadai mambo matatu. Mosi, mti wa kupandwa uandikishwe kijijini siku unapopandwa, na karatasi hiyo ndiyo iwe kibali cha kuuvuna. Miti ya asili na ya vyanzo vya maji iendelee kulindwa. Pili, hati ya kusafirisha mbao za kihamba itolewe hapo hapo kijijini. Tatu, Mfuko wa Misitu ulipie vitalu vya miche vitakavyoendeshwa na vijana wasio na kazi.

Nani atapanda mti akijua siku ya kuuvuna atahojiwa kama mwizi? Serikali ikitaka miti, imwamini mpandaji. Ikitaka picha, iendelee na jembe lake.